Meli mama za anga: kwa nini zinatuma vijeti wakati zenyewe zina mizinga

Muvi yoyote ya vita vya anga ikiisha kwenye mabanda ya video hapa Mtwara, uwe Chikongola au Magomeni, ubishi ni ule ule: meli ina urefu wa kilomita nzima, mizinga kila kona, halafu adui akitokea inafungua tumbo inamwaga vijeti vya mtu mmoja mmoja ndo vikapigane, kwani yenyewe haiwezi kupiga? Mmoja atasema ni mbwembwe za muvi tu, mwingine atasema kijeti ni kidogo hakipigiki kirahisi, watu wanatawanyika bila jibu. Mi hii mada naipenda sana na kinachoniuma ni kwamba jibu lipo, tena limeshiba, ila hulipati ukiangalia angani peke yake, inabidi uanzie baharini.

Basi tuanzie huku huku kusini. Oktoba 1914 manowari ya Uingereza, Chatham, ilifika Lindi ikaikuta meli ya Wajerumani inaitwa Präsident imejificha ndani ya mto Lukuledi, inajifanya meli ya hospitali. Walipoipekua wakapata karatasi zinazoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yanapelekwa Rufiji, na huko ndo ilikokuwa imejichimbia Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyokuwa inaisumbua bahari yote ya huku. Lakini kujua iko Rufiji ni jambo moja na kuiona ni jingine, maana delta ile ni mikoko na vijito vinavyopishana, ukiwa nje baharini huoni vizuri kitu zaidi ya majani. Kilichoiona vizuri ni kandege kamoja dhaifu ka kutua majini, kalikuja kamebebwa na meli ya abiria iliyofungwa mizinga, Kinfauns Castle, rubani akapanda juu Novemba 1914 akaangalia mwenyewe kwa macho. Na hata Königsberg ilipokuja kumalizwa Julai 1915, zile meli mbili zilizoipiga, Severn na Mersey, zilikuwa haziioni kabisa, ndege ndo ilikuwa juu inawaambia risasi zimeangukia wapi, wasogeze huku, waongeze kule.

Yaani pwani yetu hii ilishuhudia wazo zima likiwa bado changa. Meli ilianza kubeba ndege ili ipate macho, mambo ya mabomu yalikuja baadaye. Mwaka 1910 Mmarekani Eugene Ely alikuwa tayari ameruka kutoka kwenye meli, na 1918 Waingereza wakawa na Argus, meli yenye sitaha bapa mwanzo mpaka mwisho, ndege inaruka na kutua hapo hapo. Miaka 24 baadaye, Mei 1942 kwenye Bahari ya Matumbawe kule karibu na Australia, Wamarekani na Wajapani wakapigana vita kubwa ya majini ambayo meli za pande mbili hazikuonana hata mara moja, kazi yote ilifanywa na ndege.

Sasa kwanini ndege ilimshinda mzinga? Angalia tofauti. Mtu aliyesimama juu mita 20 kutoka usawa wa maji anaona mwisho kama kilomita 16, baada ya hapo dunia imejipinda. Mzinga mkubwa kuliko yote uliowahi kufungwa kwenye manowari, wa Yamato ya Wajapani, ulifika kilomita 42 hivi. Ndege za kipindi hicho hicho zilikuwa zinaenda zaidi ya kilomita 300, zinapiga, zinarudi. Na meli inayokimbia sana ilikuwa inakwenda kilomita 55 au 60 kwa saa kwa sababu inasukumana na maji, wakati ndege inasukumana na hewa tu, mwendo wake ni mara 6 au 7. Kwa hiyo mama anaishi kwenye maji ambako anaweza kubeba mafuta, chakula, mafundi, vitanda na mabomu kwa miezi, na mtoto anaishi hewani ambako ana mwendo na macho lakini hawezi kukaa hata siku moja. Ni kama wavuvi wa dagaa wanavyofanya usiku, mtumbwi wa taa unakwenda kuwakusanya dagaa kwenye mwanga na boti kubwa ndo ina wavu, watu na nafasi ya mzigo, kila mmoja anafanya kile mwenzake hawezi.

Ukiishika hiyo, mengine yote yanafunguka. Meli mama inalipa pale tu ambapo mtoto anaweza kitu mama hawezi, na mama ana kitu mtoto hana. Tofauti hiyo ikikosekana vijeti vinageuka mzigo, na hapo ndo muvi nyingi zinaanguka.

Maana ipeleke sasa hadithi angani. Hakuna maji, hakuna hewa, mama na mtoto wote wako kwenye utupu ule ule, hakuna dunia iliyojipinda ya kuficha mtu. Injini ya kijeti hata ukiifanya kubwa ukaifunga kwenye meli itafanya kazi ile ile. Upeo wa macho haupo, na kitu chochote chenye injini inayowaka kinatoa joto linaloonekana kutoka mbali sana kwa sababu nyuma yake kuna baridi tupu. Ile faida ya kijeti ya baharini imefutika karibu yote.

Halafu kuna suala la mafuta, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndo kiini. Angani hakuna breki. Ukishachukua mwendo unakwenda nao milele mpaka uchome mafuta mengine kuuua. Kombora linachoma mara moja tu, linachukua mwendo, linakwenda kugonga, basi. Kijeti chenye mtu anayetaka kurudi kinachoma mara nne: kuchukua mwendo wa kwenda, kuua huo mwendo, kuchukua mwendo wa kurudi, na kuuua tena ili kisipitilize nyumbani. Sasa Mrusi Tsiolkovsky alishatoa hesabu ya roketi toka 1903, na hesabu hiyo haina huruma, mahitaji ya mwendo yakipanda mara mbili mafuta hayapandi mara mbili, yanapanda zaidi ya hapo kwa sababu unabeba mafuta ya kubebea mafuta. Chukua roketi ya haidrojeni na oksijeni, ambayo gesi yake inatoka nyuma kwa kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Kombora linalotaka mwendo wa kilomita 5 kwa sekunde, kwa kila tani moja ya chombo unaweka tani 2 za mafuta. Kijeti cha kwenda na kurudi, kwa kuwa kinachoma mara nne, kinataka jumla ya kilomita 20 kwa sekunde, na hapo kwa kila tani moja ya chombo unaweka tani 84. Rudia kusoma hapo. Kijeti cha tani 5, rubani na kiti chake na kioo chake na hewa yake, kinadai tani 420 za mafuta, kwa kazi ile ile ambayo kombora la tani 5 lingeifanya kwa tani 10.

Ndo maana ukimuuliza mtu wa fizikia atakwambia vijeti vya anga ni ndoto. Na muvi zilivifuata kwa sababu inayoeleweka kabisa, George Lucas alipokuwa anatengeneza Star Wars ya 1977 alikusanya vipande vya filamu za mapigano ya ndege za Vita ya Pili ya Dunia akavitumia kama kielelezo cha jinsi anavyotaka vijeti viende. Kwa hiyo kile unachokiona pale, kujipinda, kufukuzana mgongoni, ni ndege za hewani zimehamishiwa kwenye nyota, na macho yetu yanakubali kwa sababu ndivyo tunavyojua ndege inavyokwenda.

Ila mi sikubaliani na wanaoishia hapo, kwa sababu mwandishi mwenye akili anairudisha ile tofauti kwa kuitengeneza. Njia kubwa ni injini ya kuruka kati ya nyota. Ukisema kwenye dunia yako injini hiyo ni kubwa kama nyumba na inakula umeme wa mji, basi kijeti hakiwezi kuwa nayo, na hapo hapo meli mama imepata kazi ya kweli: ndo pekee inayoweza kumfikisha mtu kwenye vita. Tamthilia ya Battlestar Galactica ile ya 2004 imesimama juu ya hilo, meli inaruka, Viper, yaani kijeti chake, haiwezi, kwa hiyo kila mara kabla ya kuruka lazima vijeti vyote viwe vimerudi na yale mabanda mawili ya pembeni yavutwe ndani, na rubani aliyechelewa anaachwa kwenye giza. Umeona jinsi sheria moja ya injini inavyozaa tensheni kwenye kila sehemu? Star Wars nayo ukiichunguza inafanya kitu kizuri, TIE, vijeti vya Dola, yaani wale watawala wabaya, hazina injini ya kuvuka nyota kwa hiyo ukiiona moja peke yake unajua kuna meli au kituo chake karibu, wakati X-wing, vijeti vya waasi, zinayo, na ndo maana waasi wanaweza kupigana wakitokea kwenye kambi ya msituni bila meli mama yoyote. Jeshi tajiri linatengeneza vijeti rahisi vinavyotegemea meli, jeshi la watu wachache linatengeneza vijeti ghali vinavyojitegemea. Siasa nzima ya vita ile imeandikwa ndani ya injini.

Njia ya pili ni sayari. Meli ya kilomita moja haiwezi kushuka kwenye hewa ya sayari, itavunjika au itashindwa kupanda tena, kwa hiyo ukiwa na kazi ya kushusha askari au kupiga kitu kilichoko bondeni unahitaji vyombo vidogo vyenye mabawa, na hapo ile tofauti ya maji na hewa imerudi kama ilivyokuwa 1942. Hii mi naiona ndo kazi halali kuliko zote za meli mama ya anga, na ni ajabu muvi zinaipa dakika chache.

Njia ya tatu ni mwanga wenyewe. Kutoka hapa mpaka mwezini ni kilomita 384,000 hivi na mwanga unachukua sekunde 1.3, mpaka sayari ya Mars unachukua kuanzia dakika 3 mpaka 22 kutegemea iko wapi. Ukituma chombo umbali huo na wewe umebaki nyuma, unachokiona kwenye skrini kimeshapita na amri yako itafika imechelewa mara ya pili. Kwa hiyo lazima kuwe na akili huko mbele, ya mtu au ya mashine, na lazima kuwe na macho yaliyosambaa mengi kuliko jicho moja kubwa. Hapo tumerudi Rufiji moja kwa moja.

Tukishajua kwanini ipo, tuje kwenye inavyojengwa, na hapa kosa linaloonekana kila mahali ni sitaha. Mtu anachora meli ya anga na anaiwekea uwanja mrefu bapa juu yake. Wa nini? Baharini uwanja upo kwa sababu ndege isipopata mwendo hewa haiwezi kuibeba. Kwenye manowari za Marekani za sasa manati inairusha ndege kutoka sifuri mpaka kilomita 265 kwa saa ndani ya sekunde 2 hivi, na ikirudi inanasa waya kwa ndoano ya mkiani inasimama ndani ya mita 100. Yote hayo ni kupigana na hewa na uzito. Angani kijeti ukikiachia tu kinaelea.

Mfano sahihi wa meli ya anga upo, tena wa kweli, na watu wengi hawaujui. Miaka ya 1930 jeshi la majini la Marekani lilikuwa na puto kubwa mbili zenye injini, Akron na Macon, kila moja urefu wa mita 239, na ndani ya tumbo zilikuwa na hanga la ndege ndogo za Sparrowhawk. Ndege ilikuwa inashushwa na mkono wa chuma kupitia mlango wa tumboni, rubani anawasha, anafungua ndoano, anaanguka anakwenda zake. Kurudi, anakuja chini ya puto, anaongeza mwendo kidogo tu kuzidi wa puto, analenga ndoano iliyo juu ya bawa lake mpaka inashika ule mkono, anazima, anavutwa ndani. Hakuna uwanja wala waya wa kunasia. Na kwenye Macon walifika mahali wakaona magurudumu ya nini, wakayatoa wakaweka tenki la mafuta la ziada, ndege ikaenda mbali zaidi. Akron ilianguka kwenye dhoruba 1933 na Macon 1935, ila ile namna ya kupokea ndege ndo hasa inayofanyika leo kwenye kituo cha anga, chombo kinakuja polepole kwa mwendo wa chini ya nusu mita kwa sekunde kinagusa na kushikwa, ingawa vyote viwili vinakwenda kilomita 28,000 kwa saa kuzunguka dunia. Kwa hiyo meli mama nzuri ya anga ningeichora na mikono mingi ya kushikia pembeni, yaani hata isifanane na manowari.

Kurusha ndo rahisi zaidi kama meli inajizungusha ili watu wapate uzito. Meli yenye nusu kipenyo cha mita 200 inayozunguka mpaka watu wa pembeni wapate uzito kama wa duniani, ule ukingo wake unakwenda mita 44 kwa sekunde, ukifungua kibanio kijeti kinatoka na kilomita 160 kwa saa bila kuchoma hata tone. Babylon 5, tamthilia ya miaka ya 1990, iliitumia hiyo kwenye vijeti vyake vya Starfury, vinadondoshwa nje na mzunguko wa kituo, na mpaka leo naihesabu kama moja ya sehemu zilizofikiriwa vizuri kuliko zote. Kupokea kwenye ukingo unaozunguka ni kazi ngumu sana lakini, kwa hiyo mlango wa kurudia uwe katikati, kwenye mhimili, ambako hakuna mzunguko mkali. Mlango wa kutokea na wa kurudia visiwe kimoja.

Halafu hanga. Hii ni sehemu inayoua meli. Juni 4, 1942 kule Midway kwenye bahari ya Pasifiki, Akagi ya Wajapani, meli mama ya ndege ya mita 260, iliuawa na bomu moja lililopenya mpaka hanga la juu ambako ndege zilikuwa zimejazwa mafuta na silaha. Siku hiyo Wajapani walipigwa meli nne za namna hiyo, na tatu kati yake zilipigwa ndani ya dakika chache. Mwaka 1967 kwenye Forrestal, meli ya ndege ya Marekani, roketi moja ilifyatuka yenyewe ikagonga tenki la ndege, watu 134 wakafa, hata adui hakuwepo. Meli mama ni ghala la mafuta na mabomu ambalo watu wamelala juu yake, na mwandishi anayeipeleka mstari wa mbele kupigana uso kwa uso anaidhulumu. Mahali pake ni nyuma, na walinzi wamezunguka.

Angani hili lina dawa ya kupendeza: toa hewa kwenye hanga. Pasipo na oksijeni mafuta ya kawaida hayashiki moto, mlango unaweza kukaa wazi muda wote wa vita, na hupotezi muda kuvuta na kurudisha hewa kila kijeti kinapotoka. Gharama yake inamwangukia fundi, atafanya kazi ndani ya suti ya anga, na glavu za suti ile ni ngumu, hashiki nati ndogo. Kwa hiyo unahitaji mahanga mawili, la nje la utupu la kujaza mafuta na silaha haraka, na la ndani lenye hewa ambako injini inafunguliwa na mtu mwenye vidole vyake. Tena hiyo dawa haimalizi kila kitu, mafuta ya roketi yanakuja na oksijeni yake pembeni na mabomu hayahitaji hewa ya mtu, kwa hiyo matenki yakae mbali na mahanga, yawe upande wa nje yanakotoboka bila kuua.

Na mafundi wenyewe ni wangapi? Manowari ya Marekani ya aina ya Nimitz ina watu kama 5,000 na ndege 70 hivi, ukigawanya kila ndege imeegemea watu zaidi ya 70, wapishi, wapaka rangi, wa spea, wa hospitali, wa nyuklia. Ukisoma hadithi yenye meli ya vijeti 500 na wafanyakazi 300 jua mwandishi hajapiga hesabu, labda kama kazi ameikabidhi mashine.

Ambapo ndo swali la droni linaingia. StarCraft, gemu ya 1998 ambayo inacheza hata kwenye laptop ya zamani, ina meli ya Protoss, moja ya majeshi ya gemu hiyo, inayoitwa Carrier na vijeti vyake 8 havina mtu ndani, vinatoka, vinasumbua, vinarudi, vikifa unalipia madini kidogo unatengeneza vingine ndani kwa ndani. Hapo meli mama imekuwa kiwanda, na mi naamini huo ndo ujenzi unaoshikamana kuliko wote, kwa sababu unamwondoa yule anayedai kurudi. Chombo kisicho na mtu kikiamua kutorudi kimeokoa nusu ya ule mwendo wa kilomita 20, na kwa hesabu ile ile ya Tsiolkovsky kutoka 20 kushuka 10 kunayapeleka mafuta kutoka tani 84 mpaka tani 8 hivi kwa kila tani. Kinasimama kule mbele, kinachungulia, kinapiga kikitakiwa, na mafuta yakiisha kinabaki kama jicho tu. Mtu bado ana nafasi, ila si kwenye kijeti cha kushambulia, nafasi yake ni kwenye chombo cha kati kinachokaa umbali wa sekunde moja ya mwanga au chini ya hapo nyuma ya droni zake ili amri isichelewe, chenye wahudumu watatu au wanne na mafuta ya kutosha kurudi, wakati meli mama yenyewe iko mbali kabisa na injini yake ya kurukia imeshapashwa moto.